Ukienda Gereza la Kilwa Kisiwani na wenzako

Mimi ni fundi uashi. Kazi yangu ni tofali, zege na lipu, huku Mbagala na Kongowe, mwaka wa 14 sasa. Nikiingia kwenye jengo, hata kama nimekwenda msibani, macho yananipeleka kwenye kona kwanza kuangalia kama ukuta umesimama wima. Ndiyo maana majengo ya kale yananivuta. Kilwa Kisiwani nimekwenda mara 4 na wenzangu, na kila nikirudi kuna watu mtaani wananiuliza: tunafikaje, tubebe nini, hatari iko wapi. Naandika hapa yote ninayoyajua ili mkijipanga msirudie makosa tuliyoyafanya sisi.

Kabla hata ya nauli, kuna jambo nataka mlijue. Watu husikia neno gofu wakadhani ni kitu kilichotupwa, unaingia utakavyo na kutoka utakavyo. Ni kweli Gereza la Kilwa, ile ngome ya kale ya kisiwani, halina askari tena, paa lake limekwenda, na bahari imelila upande wake. Lakini hatua chache kutoka pale kuna nyumba za miti na udongo, nyavu zimeanikwa, watoto wanatoka madrasa na vitabu vyao kifuani. Gofu lina wenyewe. Mkilishika hilo, mengine yote ya safari yatakaa mahali pake.

Mkitaka kupanga siku, tazameni mwezi kwanza. Pwani yetu hii, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tunapata bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Siku hizo hujaa alfajiri kwenye saa kumi, hupwa kwenye saa nne asubuhi, kisha hujaa tena kwenye saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata, saa zinasogea kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja, maji yakiwa mafu, hesabu imegeuka: saa nne ile ile bahari imejaa, na hata ikipungua haiendi mbali.

Safari yetu ya kwanza hatukuhesabu chochote. Tulivuka siku ya pili baada ya mwezi mpevu, saa tano asubuhi, jua likituchoma. Boti ikakwama mbali na ufuko, nahodha akatuambia tushuke. Tukatembea kwenye tope na mawe ya tumbawe, maji ya magoti, kila mtu na begi kichwani. Mwenzetu mmoja, dereva wa bodaboda, alikuwa amevaa ndala. Ndala ikabaki kwenye tope, yeye akakanyaga tumbawe, unyayo ukachanika. Tulifika Gerezani tukiwa tunashughulika na damu, na siku yote yule ndugu akakaa kivulini. Alisafiri kilomita 300 hivi kuja kutazama ngome, akaitazamia barazani kwa watu.

Kwa hiyo chagueni moja kati ya mawili. Mkienda siku za maji mafu, vukeni saa mbili au saa tatu asubuhi, mtashuka karibu na nchi kavu. Mkienda siku za bamvua, muwe botini saa kumi na mbili na nusu, kabla maji hayajakimbia, na mkubali kukaa kisiwani hadi saa tisa alasiri maji yanaporudi. Mimi naipenda hii ya pili. Inakulazimisha usiwe na haraka, kwa sababu hata ukitaka kuondoka, chombo hakielei. Na msimu wa masika uacheni upite. Ukuta wa chokaa uliolowa miezi miwili unadondosha mawe, na nyasi zikiwa ndefu huoni unapokanyaga. Kuanzia mwezi wa sita ndipo pazuri, ingawa kusi linavuma na mchana mnaweza kulowana kidogo mkivuka.

Idadi yenu isizidi watu sita. Safari ya pili tulikuwa 11, ikawa vurugu. Wengine wanataka picha, wengine wana njaa, mwongozaji anaeleza na nusu hawasikii, na ndani ya mnara mkiingia watatu hakuna pa kugeukia. Sita mnagawana gharama ya boti bila kuumia, na mtu akipotea mnajua mara moja.

Kutoka Dar es Salaam sisi hupandia basi Mbagala Rangi Tatu. Mtavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Wazee wetu wa kusini wana hadithi ndefu za kivuko kilichokuwapo kabla yake, na kama jirani yako kitini ni mtu mzima, mwombe akusimulie. Nangurukuru mnaiacha barabara ya Lindi na kuelekea pwani hadi Kilwa Masoko. Fikeni mapema, siku moja kabla ya kuvuka, kwa sababu kibali cha kuingia kwenye magofu kinatolewa huko Masoko, ofisini, saa za kazi. Bebeni vitambulisho vyote. Kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja. Chukueni risiti na muitunze, maana kisiwani mnaweza kuulizwa. Ombeni na mwongozaji hapo hapo. Msikwepe hili kwa kuona kisiwa kinaonekana kwa macho na boti zipo. Fedha ile ndiyo inayofyeka vichaka, na mwongozaji ndiye anayejua ukuta gani umelegea wiki hii.

Kwenye begi: viatu vya kufunga vyenye soli ngumu ambavyo hujali vikilowa. Suruali ndefu, kwa sababu ya upupu na miiba. Maji lita 3 kwa kila mtu, msitegemee visima vya watu. Kofia. Tochi hata kama mnakwenda mchana, kwa ajili ya vyumba vyenye popo. Bandeji na dawa ya kidonda. Akina dada wawe na kanga mbili, na akina kaka msivue mashati. Kile ni kijiji cha Waislamu, na magofu mengi mtakayoyaona ni misikiti na makaburi. Mimi naongeza kitu changu, timazi: uzi wenye kipande cha chuma mwishoni. Nitaeleza kazi yake.

Bandarini pataneni bei ya kwenda na kurudi, na saa ya kurudi, mbele ya wote. Hesabuni majaketi ya kuokolea maisha kabla ya kupanda. Yakiwa manne na nyinyi ni sita, tafuteni chombo kingine, hata kama maji yametulia kama ya bakuli. Nahodha akisema leo hatuvuki, msibishane naye.

Boti ikishaondoka, kitu cha kwanza kukuonyesha uso wake ni Gereza lenyewe, limekaa ukingoni kabisa mwa bahari. Hapo ndipo huwa nawaambia wenzangu waweke simu chini kidogo. Waliolijenga walitaka lionekane hivyo, kutoka chomboni. Nahodha wa jahazi la zamani aliingia bandari hii akiliona lile boma kabla hajamwona mtu.

Mkishuka, msiende Gerezani moja kwa moja. Piteni kwanza kwa wenyeji. Mwongozaji atawapeleka, lakini salamu zitoke kwenu: asalaam aleikum, shikamoo mzee, shikamoo bibi. Saa hiyo hiyo agizeni chakula cha mchana na mkilipie, kwa sababu samaki inabidi atafutwe na nazi ikunwe. Mkiagiza saa saba mtakula saa kumi. Mara ya tatu tulipokwenda, bibi mmoja alituuliza sisi watoto wa nani. Mwenzetu mmoja akataja babu yake wa Kivinje, na bibi akamjua. Kuanzia hapo hatukuwa watalii tena. Tulipewa mtoto wa kutuonyesha njia ya mkato, tukapewa na madafu.

Sasa Gereza. Zungukeni nje kwanza, dakika 15 nzima, bila kuingia. Tazameni mawe. Ukuta wenyewe umejengwa kwa mawe ya pwani, matumbawe magumu ya nchi kavu, yasiyo na umbo, yamezamishwa kwenye chokaa. Kwenye matao na fremu za milango mtaona jiwe jingine, laini, lenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Hilo lilitolewa baharini likiwa hai, likachongwa likiwa bado bichi, kwa sababu likikauka linakuwa gumu. Fundi aliyechonga upinde ule alifanya kazi akikimbizana na muda, kama mimi ninavyokimbizana na zege kabla halijakamata.

Chokaa nayo inatoka kwenye matumbawe hayo hayo. Magogo yanapangwa duara, matumbawe yanawekwa juu, moto unawashwa na kuachwa uunguze hadi mawe yawe meupe. Halafu inamwagiwa maji, inachemka yenyewe, na kuachwa ikae, hata miezi, kabla ya kutumika. Sisi leo tunakoroga saruji asubuhi, jioni tumepiga lipu. Nilipolielewa hilo nilibadilika kidogo kama fundi. Nilikuwa nikiona nyumba ya kale ina ufa, mawazo yangu yanakimbilia saruji. Kumbe saruji kwenye ukuta wa chokaa ni sumu. Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji ni ngumu, inafungia maji na chumvi ndani, na baada ya miaka tumbawe linaoza nyuma yake na kumomonyoka. Mkiona sehemu iliyozibwa kwa rangi ya kijivu na jiwe la pembeni linatoka unga, mmeuona ugonjwa wenyewe.

Hapo ndipo timazi inafanya kazi. Simama hatua 5 mbali na ukuta, nyoosha mkono, acha uzi uning'inie, funga jicho moja na ulinganishe uzi na ukingo wa ukuta. Mtaona ukuta unaodhani umenyooka umeinama kuelekea baharini, au kuelekea ulipo wewe. Ukuta ulioinama upande wako usipumzike chini yake. Uliopasuka kuanzia juu kwenda chini, ufa mpana juu na mwembamba chini, msingi wake umehama. Kaa mbali nao zaidi ya urefu wake. Na tao lililopoteza jiwe la katikati usipite chini yake hata kama wengine wamepita.

Kupanda juu ya kuta ni mwiko, na hili nalisema kwa uchungu. Safari ile ya watu 11, mwenzetu mmoja alitaka picha juu ya ukuta mfupi, usiofika kifuani. Aliniuliza, fundi, unabeba huu? Nikamwambia unabeba, panda. Nilikuwa nimeangalia unene tu. Sikuangalia kwamba juu hakuna kofia ya chokaa tena, mvua imeingia katikati na kuosha udongo wote, mawe yamekaa tu kama viazi kwenye gunia. Jiwe likachomoka, akaanguka nalo, kifundo cha mguu kikavimba hapo hapo. Yeye alipona baada ya wiki tatu. Lile jiwe halikurudi mahali pake. Limekaa pale zaidi ya miaka 200, na likaanguka kwa neno langu. Mkitaka picha, simameni chini, mbele ya mlango. Inatoka nzuri zaidi.

Ingieni wawili wawili. Katikati kuna uwanja wa wazi, vyumba vimeegemea kuta, na minara iko pembeni. Piga makofi mara mbili mlangoni mwa kila chumba chenye giza kabla hujaingia, kama kuna nyoka asikie apishe, na popo wajue mnakuja. Usitie mkono kwenye tundu lolote la ukuta. Nge na tandu wanapenda kivuli kama sisi.

Mkiwa uwanjani, mmoja wenu awasomee historia kwa sauti. Mimi nimeiandika kwenye daftari ili nisikosee. Mreno Vasco da Gama alikuja mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa chombo cha kanisani mwaka 1506, na hadi leo kimewekwa makumbusho huko Lisbon. Mwezi wa 7 mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi la meli, akauteka mji na kujenga ngome hapa, wakaiita Santiago. Hawakudumu, mwaka 1512 waliondoka. Ngome mnayoiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, ya karibu na mwaka 1800. Hata jina lenyewe, gereza, wataalamu wa lugha wanalitoa kwenye neno la Kireno la kanisa, igreja. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela, na neno tukabaki nalo sisi.

Na msiishie kwenye Wareno. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Bandari ile ile mliyoshukia asubuhi. Tuliposoma hilo mara ya tatu, hakuna aliyeongea kwa muda. Yule bodaboda, aliyekuja tena na viatu safari hii, akatoka nje akakaa akitazama maji. Mwacheni mtu akae hivyo kama anataka.

Chini mtaona vigae, vingine vyeupe vyenye maua ya buluu, vya China, na mara nyingine ushanga. Tazameni, pigeni picha, viacheni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuvichukua, lakini hata bila sheria fikirini hivi: Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na mwaka 1944 sarafu 5 za Kilwa zilipatikana kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Dunia nzima inajiuliza zilifikaje. Zingeingia kwenye mfuko wa mtu na kunyamaziwa, swali hilo lisingekuwapo. Kigae kilichokaa chini ya ukuta wa Gereza kinaeleza umri wa ukuta. Kikikaa juu ya televisheni yako ni kipande cha sahani.

Mkitoka Gerezani nendeni Msikiti Mkuu, mkae humo wakati jua ni kali, kwa sababu sehemu yenye makuba ina kivuli na hewa. Nikiwa humo nalala chali nikitazama juu. Lile ni zege la chokaa na kokoto za matumbawe, bila nondo hata moja, na limesimama tangu karne nyingi. Makutani, gofu la jumba la watawala, nako pitieni muone kuta zake ndefu. Halafu mle, msali wanaosali, ndipo mwende Husuni Kubwa upande wa mashariki, juu ya jabali. Ni jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Mtafuteni birika lenye pembe nane, mkae ukingoni bila kuingia ndani.

Mkirudi ufukweni tazameni mikoko michanga iliyopandwa na mawe yaliyopangwa kuzuia mawimbi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na mikono ya hawa hawa mliokula samaki wao. Msikanyage miche ya mikoko mkikimbilia boti, wala nahodha asifunge kamba kwenye jiwe la ngome.

Mara ya mwisho, tukisubiri maji yarudi, mzee mmoja alikuja kukaa nasi kwenye kivuli cha Gereza. Akaiona timazi yangu, akaichukua, akaipima ukutani vizuri kuliko mimi. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe tanuri la chokaa unajua kulipanga?" Nikamwambia sijui, nimeona kwa kusimuliwa tu. Akaniangalia, akanirudishia uzi wangu. "Basi mkija tena mje na siku mbili," akasema. "Siku moja mnaona mawe tu."

Kwa hiyo kwenye bajeti yenu wekeni siku mbili. Sisi tunavuka tena mwezi wa saba, siku nne baada ya mwezi kuandama, watu watano.